Akina Mama wa Kisenyi: Historia ya Kujikwamua na Somo Lake kwa Kambi Yetu



Kila ifikapo tarehe 8 Machi tunaimba, tunacheza ngoma, wageni wanatoa hotuba, na neno linalorudiwa kuliko yote ni "kuwawezesha wanawake". Neno hilo huandikwa kwenye fulana, kwenye vitambaa vinavyotundikwa mbele ya jukwaa, na kwenye vitabu vya miradi. Jioni vitambaa hukunjwa, na mama hurudi kwenye foleni ya maji. Katika toleo hili la kumbukumbu, Kamati imeona ni vema tuulize: ni nani anayemwezesha nani? Na mwanamke aliyekwisha kupata uwezo kidogo anadaiwa nini na mwenzake ambaye bado hajaupata?

Tumelitafuta jibu katika historia ya mahali ambapo wengi wetu tunapajua, yaani Kisenyi, mjini Kampala. Baadhi yetu tulilala hapo usiku wetu wa kwanza nchini Uganda, tukiwa na mfuko mmoja na jina la mtu tuliyeambiwa tumtafute. Wengine tuna dada na binti wanaoishi hapo hadi leo. Tumezoea kupasema vibaya: matope, wezi, kelele za mashine za kusaga. Lakini mtaa huo una historia ndefu ya wanawake waliofika bila kitu na kusimama, na historia hiyo haijaandikwa kwa faida yetu. Tujaribu.

MTAA WA BONDENI

Kisenyi iko chini ya kilima cha Mengo, karibu na mfereji wa Nakivubo. Jina lenyewe kwa Kiganda linaeleza mahali pa bondeni penye majimaji. Wakati wa ukoloni eneo hilo lilikuwa sehemu ya Kibuga, mji mkuu wa Kabaka, chini ya serikali ya Buganda. Kampala ya Wazungu na Wahindi ilikuwa na utawala wake na sheria zake za ujenzi. Kwa sababu hiyo, aliyetaka chumba cha bei nafuu, au aliyetaka kujenga nyumba ya miti na udongo bila kuulizwa ramani, alielekea bondeni. Walikuja Waganda kutoka vijijini, Waluo kutoka Kenya, na watu wa Rwanda na Burundi waliotafuta kazi ya mshahara.

Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili, Aidan Southall na Peter Gutkind, walifanya utafiti Kisenyi na Mulago. Kitabu chao kiliitwa Townsmen in the Making. Jina hilo linawataja wanaume wa mjini, lakini huwezi kuieleza Kisenyi ya siku zile bila kuwataja wanawake waliopika pombe, waliouza chakula kilichopikwa na waliopangisha vyumba. Wengi wao walikuwa wameachika, au wajane, au wamekimbia ndoa za vijijini zilizowashinda.

Tuelewe hali yao. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi ya mailo kwa Kabaka, jamaa zake, machifu na wakubwa wengine, na karibu wote walikuwa wanaume. Binti wa kijijini aliipata ardhi kwa kupitia baba au mume, na ndoa ikivunjika aliondoka mikono mitupu. Mjini mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mwanamke aliyeweka akiba ya senti za pombe aliweza kununua nyumba ndogo yenye vyumba viwili au vitatu, akalala katika kimoja na kupangisha vingine. Hapo kwa mara ya kwanza alikuwa na mlango ambao hakuna mtu angeweza kumfukuza usiku.

Majirani hawakuwasifu. Waliitwa malaya, hata wale ambao kazi yao ilikuwa kupika ndizi na maharage tangu alfajiri. Ni kweli pia kwamba pombe ilileta magomvi, na watoto waliyaona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Hatutaki kuipamba historia. Lakini angalia jambo moja. Mwanamke mgeni aliyefika Kisenyi hakuanza na serikali wala na kanisa. Alianza na mwanamke mwingine aliyempa pa kulala, akamwonyesha mahali pa kununua kuni na jinsi ya kuongea na wateja. Wapo waliompa chumba kwa huruma, na wapo waliomfanya mtumishi wa kuosha vyungu bila malipo. Mlango ni ule ule, lakini wa kwanza alimwezesha mwenzake na wa pili alimkalia.

MIAKA YA TAABU

Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na mwaka huo huo soko la Owino lilianza, jirani kabisa na Kisenyi. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa. Maduka yaligawiwa watu wa serikali na askari, bidhaa zikaadimika, na biashara ya magendo ikawa ndiyo biashara. Waume wengi waliuawa, au walitoroka nchi, au mishahara yao ilikosa thamani. Wanawake ambao hawakuwahi kuuza hata fungu la nyanya waliingia sokoni kwa sababu watoto walihitaji kula.

Serikali ile haikuwataka wanawake wenye sauti. Mwaka 1972 ilitoa amri iliyopiga marufuku sketi fupi, na wanawake wakasumbuliwa barabarani kwa ajili ya mavazi. Mwaka 1978 ikaunda kwa amri Baraza la Taifa la Wanawake na kupiga marufuku vyama vingine vya wanawake. Yaani mwanamke aliruhusiwa kuwa na chama kimoja tu, kile alichopewa.

Lakini kuna vyama ambavyo amri haiwezi kuvifunga kwa sababu havina ofisi wala bango. Wanawake kumi wa soko moja wakikubaliana kwamba kila Jumamosi kila mmoja atoe kiasi fulani, na fedha zote zichukuliwe na mmoja kwa zamu, polisi atafunga nini? Sisi sote tunaujua mpango huo, kila mmoja kwa jina la kwao. Watu wa pwani huuita upatu au mchezo. Wasomali huuita hagbad au ayuuto. Wakongo husema likelemba, na huko mashariki ya Kongo wengi husema kirimba. Warundi wana ikirimba, Wanyarwanda wana ikimina. Waethiopia na Waeritrea wana iqub, na ndugu zetu wa Sudan wana sanduk. Waganda huvikusanya vyama vya namna hiyo katika neno kibiina. Majina ni mengi, kazi ni moja.

HESABU YA ZAMU

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu wafanyakazi wa mashirika hutuuliza mara nyingi: kuna faida gani kuzungusha fedha zile zile bila riba?

Chukua wanawake kumi. Kila mmoja anatoa shilingi 5,000 kwa wiki. Kila wiki mmoja anapokea shilingi 50,000. Baada ya wiki kumi kila mtu ametoa shilingi 50,000 na kupokea shilingi 50,000. Katika karatasi hakuna aliyepata kitu. Lakini mama wa kwanza alipokea shilingi 50,000 akiwa ametoa 5,000 tu. Wenzake tisa wamemkopesha bila riba na bila dhamana. Mama wa kumi naye alikuwa akiweka akiba mahali ambapo mume, mgonjwa au harusi haviwezi kuzifikia fedha zake.

Kwa hiyo siri yote ya mchezo imo katika mpangilio wa zamu. Nani atakuwa wa kwanza? Vikundi vingi humweka kwanza mwenyekiti, kisha rafiki zake, kisha wanaojulikana kwa mali. Mgeni, ambaye ndiye anayehitaji mtaji kuliko wote, huwekwa mwisho kwa sababu hajaaminiwa. Ni tahadhari inayoeleweka. Lakini vipo vikundi vinavyofanya kinyume: mgeni anadhaminiwa na mwanachama mmoja wa zamani, kisha anapewa zamu ya pili au ya tatu, ili anunue beseni na mzigo wake wa kwanza. Huko ndiko kuwezesha. Ukitaka kujua kama kikundi cha wanawake kina nguvu kweli, usiangalie rangi ya sare zao. Uliza mwanachama aliyeingia mwisho amewekwa zamu ya ngapi.

VITI KATIKA BARAZA

Baada ya mwaka 1986 serikali mpya ya Uganda ilianzisha mabaraza ya wananchi kuanzia mtaa, na katika kila kamati ya watu tisa nafasi moja ilikuwa ya katibu wa wanawake. Mwaka 1988 ikaundwa wizara ya wanawake katika maendeleo. Mwaka 1994 Daktari Specioza Wandira Kazibwe akawa makamu wa rais. Katiba ya mwaka 1995 ikaagiza kwamba theluthi moja ya viti vya kila baraza la serikali ya mitaa iwe ya wanawake. Mwaka huo huo wanawake wa dunia nzima walikutana Beijing.

Hayo yalikuwa mambo makubwa, na hatuyadharau. Mwanamke aliyeuza mkaa Kisenyi aliweza sasa kukaa katika kikao na kusema kuhusu mitaro, bomba la maji na wizi wa usiku. Lakini kiti si uwezo wenyewe. Anayekalia kiti bila kushika daftari la fedha hualikwa kupiga makofi, na mara nyingi kuandaa chai.

Mwaka 2002 wakazi wa Kisenyi walianza njia nyingine. Wakisaidiwa na mtandao wa Slum Dwellers International, walianzisha vikundi vya akiba ambavyo vilikua na kuwa Shirikisho la Taifa la Wakazi wa Mitaa ya Mabanda Uganda. Mbegu ya mpango huo ilitoka mbali. Huko Mumbai, India, katika miaka ya 1980, wanawake waliolala kando ya barabara katika eneo la Byculla walianza kuweka akiba ya kila siku, na mwaka 1986 wakaunda chama chao, Mahila Milan, maana yake wanawake pamoja. Walijihesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba, ili serikali isiweze kusema kwamba hawapo. Njia hiyo ikasafiri hadi Afrika Kusini, kisha Afrika Mashariki, si kwa vitabu bali kwa kutembeleana. Mama wa mabanda alimfundisha mama wa mabanda.

Kisenyi wakafanya vile vile. Mkusanyaji alipita kila siku mlango kwa mlango, akachukua hata sarafu, akaandika. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini kule kupita kila siku kulimfanya mkusanyaji ajue nani anaumwa, nani amepigwa, nani hajala. Vikundi hivyo, ambavyo wanachama wake wengi ni wanawake, vilifika mbele ya wakubwa wa jiji vikiwa na madaftari na hesabu za nyumba. Moja ya kazi zilizoonekana kwa macho ilikuwa choo cha jumuiya hapo Kisenyi. Msomaji asicheke. Anayejua maana ya binti kutafuta mahali pa kujisitiri usiku atakubali kwamba choo chenye mlango na taa ni haki ya mwanamke kuliko hotuba kumi.

WAKIMBIZI KISENYI

Sasa tuje kwetu. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wasomali walianza kufika Kampala, na wengi walikaa Kisenyi, karibu na misikiti na ndugu wa biashara. Baada ya vita vya Kongo vya mwaka 1996 na 1998, Wakongo nao walifika na kusambaa katika mitaa ya jirani kama Katwe na Nsambya. Wakati huo sheria ya wakimbizi ilikuwa ile ya mwaka 1960, ambayo ilitaka mkimbizi akae katika makazi aliyopangiwa. Aliyebaki mjini alibaki kwa jasho lake, bila mgao.

Wanawake wa Kisomali walianza na chai, sambusa na nguo, wakiwekeana hagbad kwa dhamana ya ukoo na ya jina jema. Wanawake wa Kikongo walibeba vitenge na vito vya shingoni, wakatembea navyo mtaa kwa mtaa, wakikimbizana na askari wa jiji kwa kukosa leseni. Aliyekamatwa alipoteza mzigo wote. Ni nani aliyemrudishia mtaji? Mara nyingi ni wenzake wa kirimba waliompisha katika zamu.

Sheria mpya ya Wakimbizi ilipitishwa mwaka 2006, na kanuni zake zikafuata mwaka 2010. Inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Inamtambua pia mtu anayekimbia kwa sababu amekataa mila zinazobagua kwa misingi ya jinsia, jambo ambalo mama wengi hapa hawajaambiwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba mjini Kampala asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyoajiri watu wengine, na kwamba asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa raia wa Uganda. Basi yule anayedhaniwa kuwa mzigo amekuwa akimpa jirani kazi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Kisenyi haikumwokoa kila aliyefika. Wapo wasichana waliochukuliwa na watu wa kwao wenyewe kufanya kazi za nyumbani kwa chakula tu. Wapo wanawake waliofanikiwa wakawageuka wenzao waliowadhamini jana. Mkate wa mkimbizi ukikatwa na mkimbizi mwenzake huuma zaidi.

MAKOSA YETU

Tumeyaeleza hayo si kwa ajili ya Kisenyi peke yake. Mwaka 2020 mgao wetu wa chakula ulipunguzwa hadi asilimia 70, na mwaka 2021 hadi asilimia 60. Mwaka 2023 tuligawanywa kwa makundi, na familia nyingine zikaondolewa katika mgao. Tangu hapo vikundi vya akina mama si jambo la kupamba sherehe tena. Kwa nyumba nyingi ndivyo vinavyowasha jiko mwisho wa mwezi.

Na hapa Kamati inapaswa kukiri. Mwaka 2001 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi. Moja ilikuwa kwamba nusu ya uongozi wa kamati za wakimbizi iwe ya wanawake. Sisi tulitimiza hesabu. Ukihesabu majina ubaoni, nusu ni ya akina mama. Lakini mikutano tuliipanga saa ambazo bomba linafunguliwa, kwa hiyo majina yalikuwepo na wenye majina hawakuwepo. Kisha kikundi kimoja cha akina mama kilipopata sanduku la akiba, tuliona ni busara ufunguo ukae kwa mwanamume mmoja "mwenye nyumba imara". Hakuiba. Alikopesha ndugu zake bila kuuliza, na walipochelewa kurudisha, kikundi kikavunjika. Wajane wawili waliokuwa wakingoja zamu zao za mwisho hawakupata kitu. Walikuwa wageni, ndiyo maana walikuwa mwisho.

Tulisema tunawawezesha, kumbe tulikuwa tunawatunzia. Mwaka 1978 mtawala aliwapa wanawake wa Uganda chama ili wasiunde cha kwao. Sisi kwa nia njema tulifanya jambo la namna hiyo hiyo kwa sanduku.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha nchini Niger vikundi vya akiba na mikopo vya wanawake wa vijijini, na mpango huo umeenea Afrika nzima, hata katika makazi ya wakimbizi. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti. Sanduku hufunguliwa mbele ya wote, na fedha huhesabiwa kwa sauti ili hata asiyejua kusoma asikie na akumbuke.

Kwa hiyo Kamati imekubaliana mambo yafuatayo, na tunayaandika hapa ili mtudai. Kwanza, mikutano itafanyika baada ya saa za maji, na siku ya mgao hakutakuwa na mkutano. Pili, funguo za masanduku ya akina mama zitashikwa na akina mama wenyewe, watu watatu waliochaguliwa na wanachama. Tatu, kila kikundi kinachoomba barua ya Kamati kitatuonyesha orodha ya zamu, na tutauliza mgeni wake amewekwa wapi. Nne, wale wajane wawili watalipwa kutoka michango yetu sisi wajumbe, kidogo kidogo, na majina ya waliotoa yatasomwa hadharani hadi deni liishe.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, tunaomba neno moja. Mnapokuja na mradi, msianze kwa kuunda kikundi kipya chenye jina lenu. Ulizeni kwanza ni kikundi gani kilichopo tayari, hata kama hakina cheti. Kina mama wa Kisenyi walikuwa na daftari kabla ya kuwa na mfadhili.

Na kwa akina mama wenyewe: wewe uliyepata cherehani, banda la nyanya au kibanda cha unga, hukufika hapo peke yako. Kuna mtu aliyekupisha. Leo yupo aliyeshuka kwenye lori juzi, bado anauliza kuni zinauzwa wapi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikijaa kipimwe pia kwa ajili yake.

Tunawatakia wote sikukuu njema ya wanawake.